Mashine Ijiendeshayo ya Kukatia Majani: Nguvu Yake na Hatari Yake

Mvua za Machi zianzapo kunyesha, ukoka uliokuwa umekauka na kulala chini huamka kwa siku chache tu, na kabla mwezi haujaisha ua uliokuwa safi huwa kichaka. Katika nyumba za mjini, katika vituo vya afya, makanisani, misikitini na hasa shuleni, swali lile lile huulizwa kila mwaka: nani atakata majani? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa moja tu. Kila aliyepitia shule ya msingi nchini Uganda analijua fyekeo, lile bapa la chuma lililopindwa nchani, na viganja vyake havijasahau malengelenge ya asubuhi za usafi.

Fyekeo si chombo cha kudharauliwa. Halinywi petroli, halihitaji fundi, na hufika mahali ambapo mashine haiwezi kufika, kama vile kando ya mitaro na chini ya ua wa michongoma. Ua wenye mita 20 kwa 20 humalizwa na mtu mmoja mwenye fyekeo kali kabla jua halijawa la utosi. Mwenye nyumba anunuaye mashine ya petroli kwa ajili ya ua wa kadiri hiyo ananunua zaidi kelele kuliko msaada. Ingemfaa mashine ndogo ya kusukuma kwa mikono isiyo na injini, au mbuzi aliyefungwa kamba ndefu, ambaye licha ya kukata majani huacha na mbolea.

Mambo hubadilika eneo linapokuwa kubwa. Chukua mfano wa uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Eneo lake ni mita za mraba 7,140. Mashine ya kawaida ya nyumbani hukata upana wa sentimita 53 hivi kila ipitapo. Basi anayeukata uwanja huo atatembea kilomita 13 na zaidi, hata kama hakuna mstari hata mmoja atakaoupitia mara mbili. Na kwa kuwa kila mstari hauna budi kuupanda kidogo ule uliotangulia ili pasibaki mikia ya majani, safari yenyewe hukaribia kilomita 16. Kutembea kilomita 16 huku mtu akisukuma chuma chenye uzito wa kilo 30 au 40 juani ni kazi ya kumchosha hata kijana. Hapo ndipo mashine ijiendeshayo inapostahili jina lake na bei yake.

Asili ya mashine hizi ni katika viwanda vya nguo. Mwaka 1830, karibu na mji wa Stroud nchini Uingereza, fundi mitambo aliyeitwa Edwin Budding alipata hati ya kuulinda uvumbuzi wake wa mashine ya kukatia majani. Alikuwa ameona jinsi viwanda vya sufu vilivyotumia visu vilivyozungushwa katika mhimili kunyoa manyoya ya kitambaa ili uso wake uwe laini, akafikiri kwamba chombo cha namna hiyo kingeweza kunyoa ardhi. Mashine yake ya chuma ilikuwa nzito, ikasukumwa na mtu mmoja nyuma na mara nyingine kuvutwa na mwingine mbele. Kampuni ya Ransomes ya mji wa Ipswich, iliyoanza kuitengeneza mwaka 1832, ndiyo iliyotoa mashine ya petroli mwaka 1902. Lakini ile ambayo wengi wanaifahamu leo, yenye kisu kimoja kizungukacho kama pangaboi chini ya kifuniko, ilienea katika nyumba za watu wa kawaida kwa msaada mkubwa wa Mervyn Victor Richardson wa Sydney, Australia, ambaye mwaka 1952 aliunda ya kwanza katika banda lake, akatumia kopo la matunda ya pichi kuwa tangi la petroli. Mashine hiyo ilipewa jina la Victa.

Jambo jingine la kupendeza ni kwamba baadhi ya majani yanayokatwa na mashine hizo huko Australia, Afrika ya Kusini na California yalitoka kwetu. Majani ya kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, yalisafirishwa hadi nchi hizo kwa malisho na kwa bustani, na leo wenye bustani huko huyasifu kwa ustahimilivu na kuyalaani kwa ukaidi wao wa kuvuka kila mpaka.

Neno "ijiendeshayo" huwadanganya watu. Wapo wanaodhani kwamba mashine hiyo huenda yenyewe na mwenyewe akaketi barazani. Ukweli ni kwamba injini yake hufanya kazi mbili zilizo mbali mbali. Kazi ya kwanza ni kuzungusha kisu, na hiyo hufanywa na kila mashine ya petroli. Kazi ya pili ni kuzungusha magurudumu: mkanda wa mpira hutoka katika mhimili wa injini hadi kwenye kisanduku cha gia kilichoshikamana na ekseli, na mtumiaji abanapo wenzo wa mwendo uliopo kwenye mpini, mkanda hukazwa na mashine huondoka kwa mwendo wa mtu atembeaye, yaani kilomita 3 hadi 5 kwa saa. Auachiapo wenzo huo, magurudumu husimama. Kuongoza, kugeuza, kukwepa shina la mwembe na kutambua jiwe kabla kisu hakijalitambua, hayo yote yamebaki kuwa kazi ya binadamu.

Baadhi ya mashine husukumwa na magurudumu ya mbele na nyingine na yale ya nyuma. Zile za mbele ni rahisi kugeuza, maana mtumiaji akiukandamiza mpini kidogo magurudumu huinuka na mashine huacha kwenda. Sifa hiyo hiyo huwa kasoro mlimani: mfuko wa majani ulio nyuma unapojaa, uzito wote huelemea nyuma, na magurudumu ya mbele huzunguka bure juu ya udongo. Kwa nchi yenye vilima kama hii, mashine ya magurudumu ya nyuma ndiyo ya kuchaguliwa, ingawa bei yake huwa kubwa zaidi.

Vilima huleta na suala la hewa, ambalo wauzaji hawalitaji. Injini hupumua, na hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari, injini ya namna hii hupoteza nguvu kama asilimia 3 hivi. Kampala iko katika mita 1,200 na kidogo. Hapo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa katika karatasi ya kiwanda imekwisha kupotea kabla mashine haijagusa jani. Kabale, katika mita 2,000 hivi, hasara hukaribia sehemu moja ya tano. Aidha, kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani humimina petroli nyingi kuliko inavyotakiwa na hewa ya mlimani. Moshi huwa mweusi, plagi hujaa masizi, na mwenye mashine hudhani ameuziwa kitu kibovu. Fundi ajuaye kazi yake aweza kubadilisha kijitundu cha petroli katika kabureta, na viwanda vingi huuza vipuri vya miinuko kwa ajili hiyo. Anayeishi milimani na anunue injini yenye nguvu zaidi ya ile ambayo ingemtosha jirani yake wa bondeni.

Yote hayo ni madogo mbele ya suala la kisu. Injini ikiwa katika mwendo wake wa kazi, kisu huzunguka mara 3,000 hivi kwa dakika. Kwa kisu chenye urefu wa sentimita 53, ncha yake husafiri zaidi ya mita 80 kwa kila sekunde, nayo ni sawa na kilomita 300 hivi kwa saa, mwendo ambao hakuna basi la Masaka liliwahi kuufikia. Kisu cha namna hiyo hakijeruhi kama panga. Kidole au unyayo uingiao chini ya kifuniko hausikii maumivu kwanza. Hukatwa, na maumivu hufuata. Vilevile kokoto, kipande cha waya, mfupa uliotupwa na mbwa au kizibo cha soda huweza kurushwa kama risasi na kumpata mtoto aliyesimama mbali akitazama.

Kwa sababu hiyo nchi ya Marekani iliweka kanuni ihusuyo mashine zinazosukumwa na mtu zilizotengenezwa baada ya Juni 1982: lazima mashine iwe na wenzo wa usalama kwenye mpini, na mtumiaji auachiapo, kisu kisimame kwa muda usiozidi sekunde 3. Mashine nyingi zinazouzwa duniani sasa zina wenzo huo. Ni fito nyembamba ya chuma iendayo sambamba na mpini, na mtumiaji huibana pamoja na mpini muda wote wa kazi. Mtu akijikwaa, akiteleza, akiumwa na nyuki au akiitwa ghafla, mkono huachia na kisu husimama kabla yeye hajafikiri.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wenzo huo ndio wa kwanza kuharibiwa, na huharibiwa makusudi. Mkono huchoka kuubana, kuiwasha injini tena kwa kamba ni usumbufu, na kipande cha mpira wa baiskeli kipo karibu. Wenzo hufungwa kwenye mpini, na tangu hapo mashine hukata ikiwa imeshikwa au haikushikwa. Ikiwa ni ile ijiendeshayo, na wenzo wa mwendo nao umefungwa, basi mtu akianguka mashine huendelea na safari yake kuelekea popote ilipoelekezwa, iwe ukutani au penye watoto. Mwenye mashine aikutaye imefungwa hivyo hana budi kuikata kamba hiyo siku hiyo hiyo, na asimwachie mtu kazi mpaka amekwisha kuelewana naye.

Lakini haki itendeke. Mara nyingi aliyeifunga kamba si mwenye mashine, bali mtumishi wa bustani au mlinzi aliyepewa kazi ya majani juu ya kazi yake. Huyo alikabidhiwa mashine kama alivyokabidhiwa fyekeo, bila neno. Kijitabu cha maelezo kimeandikwa kwa Kiingereza, kikasomwa na bwana au bibi wa nyumba kurasa mbili za mwanzo, kisha kikawekwa katika saraka pamoja na kadi za Krismasi. Mtumishi huyo hukata majani kwa kandambili, au pekupeku, kwa kuwa viatu vyake ni jozi moja na ni vya Jumapili. Akipoteza vidole vitatu vya mguu, ajira yake huishia hapo hapo, na kwao kijijini huanza hesabu nyingine. Jozi ya viatu vizito vya ngozi au vya mpira mgumu, suruali ndefu, kitu cha kuziba masikio kwa kuwa kelele ya injini ni kama desibeli 90, na nusu saa ya kumweleza kwa lugha anayoielewa kila kilichoandikwa katika kijitabu: gharama ya vyote hivyo ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya mashine, na yafaa ihesabiwe kuwa sehemu ya bei hiyo tangu siku ya kununua.

Kati ya mambo ya kumweleza, lipo la majani mabichi. Majani yenye umande au mvua hujibana chini ya kifuniko na kisu hukwama. Injini huzimika, na mkono huingizwa kuyatoa. Hapo ndipo ajali nyingine hutokea, maana kukisogeza kisu kwa mkono ni kuizungusha injini, na injini yenye moto na plagi iliyounganishwa yaweza kutoa cheche na kushika tena. Kwanza waya wa plagi uvuliwe na kuwekwa mbali. Ndipo majani yatolewe, na yatolewe kwa kijiti. Ni heri kungoja hadi saa nne asubuhi umande ukauke. Kwenye mteremko, mashine isukumwayo na mtu hupita ubavu kwa ubavu, si kupanda na kushuka, ili anayeteleza asiteremkie kisuni wala mashine isimteremkie yeye; na mteremko mkali kupita nyuzi 15 waachiwe fyekeo. Kuivuta mashine kinyumenyume kuelekea miguuni ni desturi mbaya hata mahali tambarare.

Juu ya ukataji wenyewe, kosa la kawaida ni kunyoa mno. Watu hushusha magurudumu hadi mwisho wakidhani watapumzika wiki nyingi. Matokeo yake ukoka huungua, udongo huwa wazi, na magugu hupata nafasi. Kanuni ya watunza bustani ni kutokuondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukoka unaotakiwa ubaki sentimita 5 ukatwe ufikapo sentimita 7 na nusu, na msimu wa kiangazi uachwe mrefu zaidi kidogo. Majani yaliyofika magotini yafyekwe kwanza kwa mkono. Yaliyokatwa yasichomwe moto. Ni matandazo mema chini ya migomba, mradi hayajazaa mbegu. Na wale wanaokata kwa kuogopa malaria waelewe kwamba ua mfupi humfichua nyoka, lakini mbu huzaliana majini. Kopo moja lenye maji ya mvua nyuma ya jiko lina madhara zaidi ya majani ya ua mzima.

Injini nyingi za mashine hizi ni za mapigo manne, nazo hutia petroli tupu katika tangi na oili mahali pake peke yake. Kuchanganya oili na petroli ni kwa injini za mapigo mawili, na fundi asiyetofautisha aina hizo mbili asikabidhiwe. Oili ya injini ndogo haifiki lita moja, aghalabu ni kama nusu lita na kidogo, wala hakuna pampu kubwa wala chujio la oili la kusamehe uzembe. Kwa hiyo kipimo kitazamwe kila siku ya kazi kabla ya kuwasha. Mashine mpya hubadilishwa oili baada ya saa 5 za kwanza, kisha kila baada ya saa 50. Kwa joto la huku oili namba 30 hufaa. Chujio la hewa la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa na kupakwa oili kidogo; lile la karatasi hukung'utwa tu, na likichakaa hubadilishwa. Mashine ikihitaji kuinamishwa ili kuoshwa chini, upande wa chujio na kabureta uelekee juu, la sivyo oili huingia humo na mwenye kuivuta kamba atavuta hadi jioni.

Kisu butu hakikati, hurarua, na ua huonekana wenye ncha nyeupe kama uliopigwa na ugonjwa. Hunolewa kwa tupa kwa kufuata mlalo wake wa zamani, kisha huangikwa kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande uinamao ni mzito na unastahili kupunguzwa tena. Kisu kisicho na mizani hutikisa injini nzima na mwishowe hulegeza kila nati. Kikirudishwa, mabawa yake yaliyopindwa yatazame juu kwenye injini.

Ipo sehemu moja ndogo ambayo mafundi wa barabarani huidharau. Kisu kigongapo shina au jiwe na injini kusimama ghafla, kipini kidogo cha chuma laini kilichoshika gurudumu zito la juu ya injini hukatika. Kimetengenezwa kuwa laini kwa makusudi ili kife chenyewe na kuuponya mhimili. Baada ya hapo injini hukataa kuwaka, au hurudisha kamba kwa nguvu hata kuumiza mkono. Fundi akitia kipande cha msumari badala ya kipini hicho, mashine itawaka na atashukuriwa. Siku ya jiwe la pili kitakachopinda ni mhimili wenyewe, na bei ya mhimili hukaribia bei ya injini. Kwa hiyo anunuaye mashine iliyokwisha kutumika aitazame kwanza ikiwa imewashwa bila kukata: ikitetemeka sana ingawa kisu kimenolewa, mhimili umepinda, naye aiache. Auachie wenzo wa usalama na kuhesabu polepole moja hadi tatu. Kisu kiwe kimesimama. Auachie wenzo wa mwendo. Magurudumu yasimame mara moja.

Shule mbili au tatu zilizo jirani, au nyumba kadhaa za mtaa mmoja, zaweza kununua mashine moja kwa pamoja, na hesabu ya saa za kazi huonyesha kwamba inatosha: kwa mwendo wa kawaida, pamoja na kugeuza na kumwaga majani, mita za mraba 1,500 hukatwa kwa saa moja hivi. Ugumu wake haumo katika saa bali katika oili, maana kitu cha watu wengi hutazamwa na wote na kutiwa oili na hakuna. Ushirika wa namna hiyo umteue mtu mmoja mwenye ufunguo wa stoo na daftari la saa, na petroli itoke kwake.

Petroli yenyewe haidumu. Ikikaa zaidi ya siku 30 huanza kuchacha na kuacha gundi katika vijitundu vya kabureta, na sababu kubwa ya mashine kukataa kuwaka mvua za Septemba zikianza ni ile petroli ya Mei iliyosahauliwa tangini. Kwa hiyo mwezi wa Juni, majani yakiacha kukua, injini iachwe ifanye kazi nje, si ndani ya stoo ambako moshi wake waweza kuua, mpaka petroli iishe na izime yenyewe. Ikisha kupoa, plagi itolewe, kijiko kimoja cha oili kimiminwe katika tundu lake, na kamba ivutwe polepole mara chache ili oili ienee. Plagi irudishwe, waya wake usiunganishwe, kisha kamba ivutwe tena taratibu mpaka mkono usikie uzito. Hapo vali zimefunga, unyevu hauwezi kuingia, na mashine ifunikwe gunia kavu hadi mvua.